Chakula cha Watu Wawili

Sufuria ya kwanza kuingia chumbani kwetu ilitosha kumwogeshea mtoto. Mume wangu aliibeba begani kutoka sokoni, akaipitisha mlangoni kwa ubavu, akaiweka juu ya jiko dogo la mafuta ya taa, na jiko likapotea kabisa chini yake. Kisha akanawa mikono hadi kwenye viwiko, akaniambia nikae kitandani nisimsumbue, maana jioni ile ningekula chakula cha mpishi.

Mpishi alikuwa kweli. Kwa miaka tisa alikuwa akiwapikia wanafunzi mia sita wa shule ya bweni, na wenzake jikoni walimwita Mia Sita, jina alilolipokea kama cheo. Akitoka kule hakutaka tena kuuona mwiko. Mimi nilikuwa mpiga pasi kwa dobi, na sikujua hata kuchemsha yai bila kulipasua. Ndiyo maana tangu tuoane tulikula hotelini, ng'ambo ya barabara, kila siku ya Mungu.

Jioni ile alipika maharage. Yaliiva vizuri, siwezi kumsingizia. Lakini yalikuwa mengi mno. Wapangaji wote wa ua ule walikula, wakarudia, wakatuombea heri, na kesho yake wakaja na bakuli zao bila kualikwa. Kwa siku moja tulikuwa tumemaliza pesa za kula hotelini wiki nzima.

"Mikono yangu haijui kidogo," alisema Mia Sita, akiitazama sufuria kama mtu aliyesalitiwa na ndugu. "Nikitia chumvi ya watu wawili naona kama natania."

Nilicheka mpaka nikaegemea ukuta. Halafu nikamkumbuka binti yetu, na kicheko kikaniishia.

Yote yalikuwa yameanzia kwa dada yangu, Jumapili mbili kabla ya hapo. Binti yetu, ambaye kwa wingi wa maneno yake tulimwita Chiriku, aliishi kwa dada tangu alipoacha ziwa. Chumba chetu kilikuwa kimoja, sote wawili tulitoka alfajiri, na kulikuwa na nyumba ya vyumba viwili tuliyoitamani, ila mwenyewe alitaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Tulimwambia dada ni miezi michache tu. Ikawa miaka mitatu.

Jumapili hiyo nilimkuta Chiriku uani akicheza na watoto wa dada. Aliniona, akasimama, akaniamkia kwa adabu zote.

"Shikamoo, mama mdogo."

Kisha akageukia mlangoni na kupaza sauti. "Mama! Mama mdogo kaja!"

Hivyo ndivyo watoto wa dada walivyoniita, na ilikuwa haki yao, kwa kuwa mimi ni mdogo wa mama yao. Lakini huyu nilimzaa mimi. Niliitikia marahaba. Sijui sauti niliipata wapi.

Dada alitoka jikoni akijifuta mikono. Alikuwa amesikia. Hakucheka wala hakumsahihisha mtoto. Alinishika kiwiko, akanivuta hadi kando ya jiko lake.

"Mnakula hotelini kama wasafiri," alisema, "halafu kila mwezi kodi haitimii. Pikeni. Pikeni nyumbani, mje mumchukue mtoto wenu."

Maneno yalinichoma. Mama yetu alifariki nikiwa na miaka sita, na ni dada aliyeacha shule ili mimi nisome. Nikisogea jikoni alikuwa akinifukuza, nenda kasome, huku ni kwangu. Leo yeye huyohuyo ananisimanga kwa kutojua kupika! Na zaidi ya hapo niliona wazi kwamba amemchoka mwanangu. Nilirudi kwangu nimenuna kutwa nzima, nikamwambia Mia Sita tunaanza kupika, hata kama tutakula majivu.

Majivu yenyewe tulikaribia kuyala. Baada ya aibu ya sufuria kubwa, mume wangu alikaa chini na kalamu ya risasi, akaandika vipimo vyake vyote vya shuleni, akagawa kila kimoja kwa mia tatu. Kwa hesabu hakukosea hata kidogo. Chumvi ikawa punje za kuhesabika, mafuta yakawa tone, na maji yakawa machache kiasi kwamba yalikauka kabla maharage hayajajua kama yamewekwa motoni. Moto alikuwa amesahau kuugawa. Tulifungua dirisha, tukala ndizi mbivu.

"Basi pika wewe," aliniambia. "Mimi nitakuwa mdomo."

Kuanzia hapo akawa anakaa kitandani, mikono ameikalia ili isimponyoke, na mimi napika kwa kuongozwa. Punguza moto. Funika. Usikoroge, unayaudhi. Usilie, ni vitunguu tu. Tulijifunga kibwebwe hasa. Jikoni nilijifunza polepole, na viazi vyangu vya mwanzo vilikuwa vigumu nje na vibichi ndani, lakini tulivila, na kila jioni tulitumbukiza kwenye kibubu cha mbao pesa ambazo zingevuka barabara. Chiriku leo ni mtu mzima, na hunitania kwamba nasimama mbele ya jiko kama niko kwenye chumba cha mtihani. Hajui jinsi alivyopatia.

Tulianguka mara moja. Ilikuwa mwezi wa tano, mchana, vitunguu vya hoteli ileile vinakaangwa ng'ambo ya kwa dobi na upepo unaleta harufu moja kwa moja kwenye pasi yangu. Nilimnyamazisha mgomvi wangu wa moyoni kwa kusema ni sahani moja tu, nikavuka, nikakaa pembeni kabisa, mgongo kwa mlango. Nilipoinua macho, meza ya pili, nyuma ya nguzo, alikuwa mume wangu, shavu limejaa yai.

Tulitazamana. Yeye ndiye aliyemeza kwanza.

"Nilikuja kuangalia wanavyokaanga," alisema.

"Na umejifunza?"

"Sana."

Tulicheka mpaka mwenye hoteli akatuuliza kama tumeoana upya. Kesho yake sote wawili tulishinda na chai kavu, na hakuna aliyemlaumu mwenzake.

Mwezi wa nane tulivunja kibubu, tukalipa, tukahama. Chiriku tulimchukua siku ya Alhamisi. Dada alikuwa amemfungia nguo zake zote, zimefuliwa na kukunjwa, na alituaga mlangoni kwa haraka haraka, akisema ana chungu motoni. Niliona ubaridi katika kuaga kule. Nikasema moyoni, haya, ametua mzigo wake.

Mtoto hakula. Alhamisi alikunywa chai. Ijumaa alikunywa chai na kuuliza atarudi nyumbani lini. Jumamosi hakuuliza kitu, na hilo ndilo lililonitisha, kwani nyumba yenye Chiriku ndani yake haikuwahi kuwa kimya. Mia Sita alimpikia uji kwa mikono yake, ukatosha mtaa, naye akageuza uso ukutani. Nilimpigia dada simu, nikashindwa kusema.

"Nakuja kesho," alisema.

Nilijua atakuja na chakula chake. Niliogopa, na wakati huohuo nilikitamani. Niliposikia sauti yake nje niliepua maharage kabla ya wakati wake kwa kiherehere, nikafungua mlango. Dada alisimama pale mikono mitupu.

Chiriku alimrukia. "Nipikie! Nipikie wewe!"

Dada alimkumbatia kwa muda mrefu, kisha akamweka chini, akakaa mezani.

"Mimi leo ni mgeni," alisema. "Umeona wapi mgeni anapika? Mdogo wangu, nina njaa."

Nilimpakulia. Alikula taratibu, bila kuinua kichwa, akamaliza, akaninyooshea sahani. "Niongezee." Kisha akamwambia mtoto, "Kumbe kwenu kuna chakula hivi na wewe umekaa tu? Sawa, mimi nitakimaliza."

Chiriku alisogea hatua kwa hatua hadi kwenye goti lake, akanyoosha mkono kwenye ile sahani. Dada aliivuta kando.

"Hapana. Omba kwa mwenyewe aliyepika."

Binti yangu alinitazama. Nadhani hakuwahi kunitazama kwa makini namna ile kabla ya hapo.

"Na mimi," alisema, bila kuniita kwa jina lolote.

Alikula vijiko vinne. Mia Sita, aliyekuwa kasimama mlangoni, alitoka nje akidai moshi umemwingia machoni, na moshi haukuwapo.

Nilimsindikiza dada. Tulipofika penye ngazi alishika ukuta.

"Yale maharage hayakuiva," alisema.

"Najua. Mbona umekula sahani mbili?"

"Ningekula na ya tatu."

Alicheka, na katikati ya kicheko sauti yake ikakatika. Hapo ndipo nilipoelewa, kwa kuchelewa kama kawaida yangu. Miezi minane nilikuwa nimemkasirikia mtu aliyenionyesha njia ya kumchukua mtoto mikononi mwake, akijua vizuri nitamchukua. Nilimshika mkono. Nilitaka kumwomba radhi, nikaishia kusema asante, naye akaupapasa mkono wangu kama nilipokuwa na miaka sita.

"Yaloweke tangu jana yake," alisema, akaanza kushuka.

Alikuwa kwenye ngazi ya tatu Chiriku alipoita kutoka ndani.

"Mama!"

Mguu wa dada ulisimama hewani. Hakugeuka. Nilingoja kidogo, naye akaushusha mguu, akaendelea kushuka.

Niliitika mimi.