Siku Babu Tanuri Alipoanza Kuongea

Mtaani kwetu, ukimuuliza mtu babu yake alizaliwa wapi, atakuonyesha upande wa stesheni. Wa mwanzo kabisa waliletwa kujenga reli. Wakapewa vibanda vya mabati kando ya karakana, na reli ilipokwisha hakuna aliyewaambia warudi, basi wakabaki. Wakafuata watu wa kiwanda cha nguo. Kisha wakaja waliokimbia vita vya kwao, na kila vita vilituletea majirani wapya. Kinyozi wetu ananyolea kwenye chumba kilichokuwa studio ya picha, na kabla ya hapo duka la dawa. Ukikwangua rangi ukutani kwake unakutana na maandishi ambayo hakuna tena anayejua kuyasoma. Tumezoea. Hapa unamsalimia mtu kwa lugha yake, unamtukana kwa lugha yako, na biashara mnafanya kwa lugha ya wote, ile tuliyoivunjavunja mpaka ikatukubali.

Mimi ni fundi cherehani. Dirisha langu linatazamana na duka la mkate la mzee tuliyemwita Babu Tanuri. Alikuja hapa kijana, akaoa mwanamke wa asili nyingine kabisa, ambaye sasa ni marehemu, wakapata binti mmoja. Babu Tanuri alikuwa bahili wa maneno. Ukimwambia habari za asubuhi, anakupa mkate. Ukiusifu mkate, anakohoa. Binti yake aliwahi kuniambia huku nikimpima gauni, "Shangazi, maneno yote aliyonipa baba tangu nizaliwe yanaenea kwenye kikombe cha kahawa. Na mengi yake ni 'funga mlango, moto unatoka.'"

Kiharusi kilimkuta akikanda unga. Hospitali walipomrudisha, mkono wake wa kulia ulikuwa umelegea, mdomo umepinda kidogo, na lugha ya wote imefutika kichwani. Sauti alikuwa nayo tele. Lugha ya kwao, ya utotoni, ilibaki nzima, na sasa alikuwa anaimwaga kutwa, macho yamemtoka, akisubiri ajibiwe. Binti hakujua hata neno moja. Hakuwahi kufundishwa.

Akaja kwangu, akakaa juu ya marobota ya vitambaa. "Jana alinishika mkono akaniambia kitu kirefu, halafu akalia. Nimempa maji, hataki. Nimempa shuka, hataki. Nimemfungulia dirisha, akafumba macho. Shangazi, vipi kama alikuwa ananiaga?"

Nikaweka mkasi chini, na tukaanza kutafuta mtu. Kinyozi aliuliza kila kichwa kilichopita mikononi mwake. Muuza viatu akamleta mpwa wake, aliyejigamba kwamba lugha ile anaijua. Kijana wa watu alikaa na mgonjwa kitambo kidogo, akatoka jasho linamtiririka. "Ama ananiuliza habari za punda," alisema, "ama ananiita punda."

Ukweli ni kwamba sisi wa zamani tulijua tangu mwanzo ni nani wa kuitwa. Tuliogopa tu. Mama Dobi, aliyekaa nyuma ya duka la mkate, alitoka nchi moja na Babu Tanuri, tena walifika hapa na msafara mmoja. Alikuwa anafulia hoteli na kuanika mashuka juu ya paa. Jirani yake naye alikuwa anawasha tanuri. Masizi hayana adabu, yakatua kwenye mashuka meupe mara moja, mara ya pili, hadi asubuhi moja Mama Dobi aliposhuka na shuka jeusi tii, akaingia dukani, akaifunika nalo mikate yote ya siku hiyo. Tangu hapo hawakusemezana. Mkate alienda kununua mtaa wa tatu, hata mvua ikinyesha.

Tulimkuta anapiga pasi. Hakuinua uso.

"Amekufa?"

"Hajafa," nikasema.

"Sasa mmefuata nini?"

Binti akasogea mbele. "Mama, anaongea lugha yenu tu. Kutwa nzima anaongea, na hakuna wa kumjibu."

Pasi ikasimama. Mvuke ukapanda, harufu ya kuungua ikaanza, na mimi ndiye niliyeinyanyua.

"Tangu mume wangu anitoke," Mama Dobi alisema taratibu, "lugha ile naisikia ndotoni tu. Na huko nako naongea peke yangu." Akavua aproni. Mlangoni akageuka. "Siendi kumsamehe. Tuelewane. Naenda kumsikiliza."

Chumba cha mgonjwa kilikuwa juu ya tanuri, chenye joto na harufu ya hamira. Mama Dobi alisimama kizingitini akatamka neno moja, nadhani ni salamu. Babu Tanuri akageuza kichwa. Kisha maneno yakamtoka, mfululizo, kama gunia la mahindi lililopasuka, na Mama Dobi akamjibu, naye akazidisha, hata yule mama akacheka mpaka akakaa pembeni ya kitanda.

"Anasemaje?" binti aliuliza.

"Ananiuliza kama mashuka yangu yamekauka." Akafuta macho. "Na wewe anasema unakanda unga kama unabembeleza paka. Anakusikia kupitia sakafuni. Kila siku anakuambia ukande kwa nguvu, na kila siku unamletea maji."

"Muulize siku ile aliyolia. Alikuwa ananiambia nini?"

Mama Dobi akauliza. Mzee akatazama dari, akajibu kwa sauti ya chini, na mama yule akamgeukia binti.

"Alikuwa anakusimulia habari za mama yake. Bibi yako. Anasema unacheka kama yeye: unaziba mdomo, halafu mabega yanakusaliti. Miaka yote alitaka kukuambia. Lakini kwa lugha ya huku, anasema, kila alilosema lilitoka kama bei ya mkate."

Binti aliinamisha kichwa kwenye ule mkono uliolegea. Mimi nikakumbuka nina kazi dukani, nikashuka.

Tangu siku hiyo Mama Dobi alikuja kila alasiri, na ndipo mtaa mzima ulipogundua kwamba Babu Tanuri wetu mkimya alikuwa mbea wa kupindukia. Alijua nani kamnunia nani. Alimwigiza kinyozi mpaka kikohozi chake. Kila mmoja wetu alikuwa amempachika jina kwa lugha yake. Langu Mama Dobi alilificha weee, mwisho akasema: Pini Kinywani. Ugomvi wa masizi nao ukafufuka, sasa kwa sauti kubwa, dirisha wazi, na sisi chini tulisikiliza kama redio.

Binti akaanza kujifunza. Siku moja alitaka kusema "Baba, chai imeiva," kumbe akasema baba ndiye aliyeiva. Mzee alicheka hadi tukaogopa kiharusi kingine.

Lugha ya wote ilimrudia kidogokidogo, ya kutosha salamu. Hakuihangaikia sana. Aliishi miaka kadhaa hivyo, akazima alasiri moja, usingizini, Mama Dobi akiwa katikati ya kisa cha harusi iliyovunjika huko kwao. Baadaye alituambia alikimalizia kisa chote ndipo akamwita binti. "Alikuwa hapendi kuachwa njiani," alisema.

Mazikoni binti aliaga kwa lugha ya baba yake. Hatukuelewa kitu, lakini tulisimama kimya, watu wa reli, wa kiwanda na wa vita vyote. Nikamwinamia Mama Dobi, nikamuuliza kasema nini.

"Kakosea vitenzi karibu vyote," alininong'oneza, machozi yakimtiririka. "Nyamaza, niache nisikie."