Gogo la Torquil

Bibi Dolina wa ghorofa ya chini alidai kwamba Torquil Macphail, babu yake Elspet, aliwahi kurusha gogo kwenye michezo ya koo bondeni Strathorran likaenda mbali kuliko la mwanamume yeyote, hatua thelathini, mpaka waamuzi wakakosa kamba ya kulipimia. Kisha akashuka mjini Dundee, akampa mimba bibi yake Elspet, akaenda zake. Dolina aliyasimulia hayo huku akimenya viazi, kama mtu aliyekuwepo.

Ndiyo maana Jumamosi ile Elspet alipanda basi la alfajiri kwenda Strathorran. Saa tisa koo zote zingeandamana nyuma ya zumari, na hema la Macphail halimruhusu mtu kuandamana mpaka aseme anatoka kwa nani. Mama yake, aliyekua bila hata shangazi mmoja wa upande wa baba, alimwambia: "Wakikukubali, nipigie. Usiponipigia nitajua."

Alilizunguka hema mara tatu. Alinunua chai, akaimwaga bila kuionja. Akaangalia saa, akaangalia tena. Saa nane na nusu akajitosa ndani.

Mzee Hector, mtunza daftari la ukoo, alimtazama juu ya miwani. "Enhe, binti. Wa kwa nani wewe?"

"Mjukuu wa Torquil. Yule aliyerusha gogo hatua thelathini."

Mwanamke aitwaye Una, aliyekuwa akikata keki mezani, akaguna. "Thelathini? Lilikuwa na mabawa?"

"Una, mwache mgeni," Hector alisema, lakini mdomo ulimcheza. "Binti, nani kakudanganya? Gogo halipimwi umbali. Tazama kule."

Uwanjani, jitu moja lenye sketi ya mirabaraba lilikimbia na gogo limesimama viganjani, likalisukuma juu. Gogo likapinduka, ncha nzito ikapiga chini, likaangukia mbele. Mwamuzi aliyekuwa nyuma akanyoosha mkono, akaupindisha kidogo kulia.

"Hiyo ni alama ya saa saba," Hector alisema. "Likinyooka mbele yako kama mshale wa saa sita, umeshinda, hata likikuangukia karibu na vidole. Hapa mtoto wa darasa la kwanza anajua."

Masikio yalimwaka Elspet. Dolina hajawahi kukanyaga Strathorran. Kama hatua ni za kubuni, labda na Torquil ni wa kubuni. Hata hivyo hakutoka. Alisimama akisokota mkanda wa mkoba.

Una akafuta mikono, akavuta sanduku la picha. "Mwaka gani, mpenzi?"

"Hamsini na sita."

Picha aliyoitoa ilikuwa ya wanaume saba, majina kwa wino chini yao. Wa saba hakuwa na jina.

"Vibarua wa mavuno walikuwa wakijichomeka kushindana," Una alisema. "Huyo hakuna aliyemuuliza jina."

Elspet aliinama. Yule mtu alisimama bega la kushoto limeshuka, hivyo hivyo mama yake anavyosimama akingoja birika lichemke.

"Ni bega la mama yangu."

"Nusu ya bonde hili wana bega hilo," Una alijibu, kwa upole sasa. "Ni kwa kubeba magunia ya mavuno."

Nje ngoma zilianza. Watu wa hema wakatoka kupanga mistari. Hector akasimama, akajifunga mkanda. Elspet alichukua penseli ya daftari mezani, akamnyooshea.

"Mzee, mwandikie jina hapo chini. Torquil. Hata kwa penseli tu, nami niandamane."

Hector alitazama ile penseli, kisha ile picha. Mistari ilikuwa imeanza kusogea.