Ukuta wa Mama Asia

Mwalimu Pazi alistaafu ualimu mkuu siku nyingi, lakini hata dukani hakwenda bila shati la kola. Kwa hiyo aliporudi mtaani kwake Mji Mpya kutoka Dumila, alikokwenda mazishini, na kumkuta marehemu mkewe amechorwa kwenye ukuta wa nyumba yake unaotazama barabara, kanga kifuani, ameinamia jiko la mkaa akigeuza vitumbua, alijiona kama aliyevuliwa nguo hadharani.

Mchoraji alikuwa Nasra, mtoto wa binti yake Asia. Yeye na wenzake walikuwa wakiwachora kwenye kuta watu walioujenga mtaa ule: fundi baiskeli, mkunga, muuza maji. Alhamisi alasiri redio ya mjini ingekuja kutangaza mbele ya michoro hiyo, ili wale wanaouita mtaa wa wahuni wapate kuwajua wenyeji wake.

Mwalimu hakuuliza neno. Mke wa mwalimu mkuu hakuwa mtu wa kuonyeshwa mji mzima akiwa na masizi mikononi. Alhamisi asubuhi, Nasra akiwa huko redioni, Mwalimu alimwita fundi wa kupaka chokaa, na hata adhuhuri haijaingia ukuta ulikuwa mweupe.

Alasiri akatokea Mzee Twalibu, kaka wa marehemu, ameshuka kutoka Luhungo mlimani kwa miguu katika kanzu iliyopigwa pasi. Alisimama mbele ya ukuta.

"Shemeji," akasema, "nimekuja kumwona dada yangu. Yuko wapi?"

Ndipo Mwalimu alipopata habari kwamba Nasra alikuwa amepanda mlimani kuomba ruhusa. Kwa Waluguru mtu ni wa ukoo wa mama yake, na sura ya marehemu ilikuwa ya ukoo wake, si ya mume. Wazee walikaa kitako, wakakubali, hata kanga ya kuchorwa nayo wakaichagua wao. Mwalimu alikuwa Mluguru wa kuzaliwa. Mila hiyo aliijua tangu utotoni. Alichosahau ni kwamba ilimhusu na yeye.

Jirani yake wa ng'ambo ya barabara, Veronika, Mnyamwezi na mtani wake wa miaka mingi, hakumwacha.

"Mwalimu, mkeo umempaka chokaa kama jiwe la barabarani. Ulikuwa ukimpita hapo jikoni na gazeti kwapani, hata salamu humpi. Leo ndiyo unamwonea haya?"

Hakuna aliyecheka.

Redio ikatangaza vivyo hivyo, mbele ya ukuta mweupe. Akiwa nyuma ya dirisha, Mwalimu aliwasikia majirani wakieleza jinsi Mama Asia alivyowagawia vitumbua watoto waliokwenda shule na njaa. Walikuwa wanafunzi wake mwenyewe, wale aliowachapa kwa kuchelewa. Hakuwahi kujua.

Watu walipotawanyika alitoka, akamwomba shemeji yake ruhusa ili mchoro urudiwe.

"Ruhusa tulikwisha kuitoa," Mzee Twalibu akajibu. "Mwombe mchoraji."

Nasra alikuwa akikusanya makopo ya rangi. Alimpa babu yake shikamoo kwa adabu yote aliyomfundisha.

"Nitamchora tena, Babu. Bibi Veronika amempa ukuta wake."

Mwalimu akafungua kinywa kusema kwamba nyumba ya marehemu ni hii. Mzee Twalibu alikuwa amekwisha kushika makopo mawili, anavuka nayo barabara.