Jua Lisiloyeyusha Barafu

Kama kuna mtu mtaani Mtongwe aliyeijua barafu, basi ni Zubeida. Miaka nenda miaka rudi amekuwa akiuza barafu za ukwaju dirishani kwake, na alijua kwamba mtoto akizubaa njiani hufika kwao na mfuko wa maji. Mwanawe Sameer alipomwambia kwamba kazi yake ni kuwapikia watafiti Grinlandi, nchi ambayo theluji haiondoki mwaka mzima, alikubali. Baridi ni baridi. Lakini juzi kijana akaongeza kwamba kiangazi hiki jua halitui, liko juu usiku na mchana. Hapo mama akashtuka.

"Jua usiku na mchana, na barafu haiyeyuki?"

"Haiyeyuki, mama. Theluji ya mwaka jana ipo, ya mwaka huu yaiangukia juu yake."

Uongo gani huu usio hata aibu? Zubeida hakulala vizuri. Labda kijana yuko jela. Labda hana kazi, yuwazurura tu. Na wakati wenyewe ulikuwa mbaya, maana posa ilikwisha pelekwa mtaa wa Shika Adabu kwa binti aitwaye Ummi, na nyanya yake, Bi Kafedha, hakuwa mtu wa kuchezewa. Mposaji wa kwanza alijidai yuko Maskati; njia ya mwongo ni fupi, akaonekana Kisauni akinywa chai. Safari hii Bi Kafedha alitaka mama mtu aje mwenyewe Ijumaa, aape kuwa habari za mwanawe ni za kweli. Asipoapa, posa inarudi.

Zubeida haapi ovyo. Akamwendea jirani yake Margret, aliyetoka Meru kuja kufanya kazi bandarini, akidhani mtu wa bara ataijua baridi.

"Kwetu barafu iko juu kabisa mlimani," Margret akasema, "na huko ndiko karibu na jua."

"Karibu na jua barafu, mbali na jua barafu, jua likikesha barafu! Kwani hilo jua lafanya kazi gani?"

Margret akacheka mpaka akashika mlango. Zubeida akarudi kwake amevurugika kuliko alivyotoka.

Alhamisi jioni, magharibi haijaingia, akampigia Sameer simu ya video. Huko kwake ilikuwa adhuhuri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Toka nje nikuone."

Kijana akatoka. Nyuma yake hapakuwa na mti wala nyumba, weupe tu, hata macho yakamuuma Zubeida.

"Nionyeshe kivuli chako."

Kivuli kilikuwa kimelala juu ya theluji, kirefu kumshinda mwenyewe.

"Hii ni adhuhuri kweli, Sameer?"

"Wallahi, mama. Jua halipandi zaidi ya hapo."

Zubeida akakipima kivuli kwa macho. Vivuli alivijua tangu madrasa: kivuli kikilingana na mtu, alasiri imeingia. Basi adhuhuri ya huko ni alasiri ya Mtongwe, jua la ubavuni, lisilofika utosini hata siku moja. Nani aliyewahi kukausha nazi ikawa mbata kwa jua la jioni? Na hilo kidogo lifikalo, weupe wa theluji unalirudisha lilikotoka, ndiyo maana macho yamemuuma. Mwanawe si mwongo. Akalia kwa furaha, na Sameer asijue alilialo.

Ijumaa akaapa. Akaeleza vivuli na mbata, hata miezi ya giza aliyosimuliwa na Sameer, ambayo jua halichomozi kabisa. Bi Kafedha akamsikiza mpaka mwisho.

"Nimekuamini," akasema. "Sasa n'ambia, lau ungekuwa na binti, ungempeleka huko?"

Zubeida akafungua kinywa aseme ndiyo. Kiapo kilikuwa bado ulimini.

"La, wallahi," akasema. Kweli aliyoitafuta kwa udi na uvumba ndiyo iliyomponza mwanawe.

Ndipo Ummi akauliza kutoka nyuma ya pazia, "Na yeye yuwakaa na nani huko?"

Zubeida akaligeukia pazia. Siku zote alikuwa akiuliza kama ni kweli. Hilo hakuwahi kuliuliza.

"Na wageni," akasema. "Mtu wake hana."

Hapo Ummi akasema, "Basi mwambieni anunue koti la pili."

Bi Kafedha akaliangalia pazia, na posa hakuirudisha. Zubeida akabaki pale akicheka na kulia, asijue kati ya watoto wale wawili anamlilia yupi.