Chungu Kilichokwenda Posa

Mume wangu Hamimu hataki hata kunusa pombe, na uchaji wake huo nusura umuue Asiya.

Lakini nianze vizuri. Mimi ni Sijaona, muuguzi, au muforoma kama wanavyosema mtaani kwetu Buyenzi. Mwaka ule wa vita, nchi jirani zilipotuwekea vikwazo, petroli iliuzwa kwa chupa, na umeme ulikuja pale ulipojisikia. Friji ya zahanati yetu ilikufa mwezi wa tatu. Nilikuwa na wagonjwa sita wa kisukari wanaochomwa sindano kila siku, na insulini ikipigwa na joto inaharibika, wala haikuambii kwamba imeharibika. Basi nikafanya kama bibi yangu alivyohifadhi siagi: chungu kikubwa, mchanga uliolowa maji, chupa zangu ndani ya kopo la maziwa, kopo ndani ya mchanga, na jani la mgomba juu limefungwa kamba. Chumba cha nyuma nyumbani kwangu, gizani. Kilipoa ajabu!

Jirani yangu Zénon, karani wa posta, akaja Alhamisi na chungu chake, nacho kimefungwa jani la mgomba. Urwarwa, pombe ya ndizi, kwa ajili ya kumposea mwanawe Bonfils huko Kinindo. Kwao Warundi posa bila chungu cha urwarwa si posa, ni matembezi.

"Mama Moubarak, unichungie hii mpaka samedi, siku ya posa," akasema. "Mi niko na ndugu wane ndani ya nyumba. Kwangu haifiki kesho."

Alikuwa amefikiri sawasawa. Nyumba ya Waislamu, pombe italala salama kuliko benki. Nikacheka, nikaweka chungu chake kando ya changu.

Jumamosi mchana nilikuwa kwa mgonjwa namwosha kidonda cha mguu. Walipokuja wachukuzi wakiongozwa na Léonce, mdogo wake Zénon, alikuwepo Hamimu peke yake. Akafungua mlango wa chumba, akajiziba pua kwa kanzu, akageuka ukutani.

"Mupeleke ile yenu," akawaambia.

Léonce akanyanyua kimoja, akanyanyua cha pili. Mchanga mbichi mzito, jamani! "Ile nzito njo yetu," akasema. "Kaka hawezi kwenda kwa wakwe na chungu nusu." Wakakitia kichwani, wakaenda zao wakiimba.

Nilirudi saa kumi. Asiya ameshafika, amekaa kwenye benchi anasonya kama kawaida yake. Ana miaka kumi na tisa, anashona nguo, mwili mwembamba na ulimi mrefu kuliko uzi wa cherehani. Sindano yake ya jioni ni kabla ya kula, saa kumi na mbili. Mwaka uliopita alikosa dawa siku mbili tu, nikamkuta anahema kwa shida na mdomo unanuka tunda bovu, na sitaki kukumbuka zaidi. Nikafungua jani. Harufu ya urwarwa ikanipiga usoni.

"Baba Moubarak!" nikampigia mume wangu ukelele uliowatoa majirani nje. "Chungu yangu iko wapi?"

"Si walikuja kuichukua?"

"Walichukua dawa! Dawa ya watu sita!"

Chupa tisa, zote nilizokuwa nazo. Sikujua ya kumi ingetoka wapi wala lini. Niliogopa, nasema wazi. Na kile chungu muda huo labda kimewekwa juani katikati ya watu mia, wakisubiri kukichoma mirija.

Asiya akatutazama, mimi na mume wangu. "Sasa munangoja nini? Mi siwezi kufa kwa sababu ya arusi ya Bonfils. Hata hawakunialika."

Gari hakuna. Hamimu akatoa baiskeli. Nikapanda nyuma, buibui imepandishwa magotini, chungu cha urwarwa nimekipakata, maana nani angenipa changu bila mimi kutoa chao? Kila tuta likarusha pombe kifuani kwangu. Mbele ya msikiti tukakutana na Sulemani, anayesali safu moja na Hamimu. Akanusa, akatazama, akashika ndevu.

"Hamimu! Hiyo njo nini?"

"Nitakueleza Ijumaa!" Hamimu akajibu, na alikanyaga pedali kwa hasira ambayo sijaiona tangu tuoane.

Kwenye kizuizi askari akauliza tumebeba nini. "Urwarwa," nikasema. Akatazama mtandio wangu, akatazama kofia ya Hamimu, akacheka mpaka akaegemea bunduki. Alichota kikombe kimoja, akatupisha.

Huko Kinindo tulikuta hema, viti pande mbili vikitazamana, na chungu changu katikati, kimevishwa maua. Msemaji wa wenye binti, mzee mmoja anaitwa Valéry, alikuwa anamaliza hotuba. Mlio wa risasi ukasikika mbali, juu ya Kinanira. Watu wakageuza shingo kidogo, wakarudi kusikiliza.

"Simameni!" nikapiga kelele. "Chungu ile ni yangu!"

Yakalipuka makofi, vigelegele! Kwa maana desturi ya posa ni kuchokozana: upande mmoja unajifanya umepotea njia, mwingine unajifanya hauna binti, wanabishana mpaka jasho. Wakadhani Zénon ameleta mchekeshaji.

"Eee, bakwe, mumetuweza!" akasema Valéry. "Mama, chungu ni yako, na bibi arusi naye ni wako?"

"Mzee, mi sichezi! Iko dawa ndani!"

"Ni kweli, urwarwa ni dawa!" Wakacheka hadi wengine wakashika mbavu. Kila nilivyoapa, ndivyo walivyopiga makofi. Bonfils alinipungia mkono kwa shukrani. Zénon peke yake alikuwa ameona chungu nilichopakata, na uso ulimbadilika.

Valéry akatumbukiza mrija, akavuta. Akavuta tena, mashavu yakaingia ndani. Akatema.

"Mchanga," akasema. "Wametuletea mchanga."

Kicheko kikakatika. Upande wa binti ukaanza kusimama mmoja mmoja. Sikungoja. Nikatua chungu cha urwarwa, nikatia mkono kwenye changu mpaka kiwikoni, nikachomoa kopo, nikafungua. Chupa tisa, baridi bado. Nikaziinua juu, na machozi yakanitoka mbele ya watu wote, furaha tupu.

Baba wa binti, Mzee Melchior, akanyanyuka. Kando yake kulikuwa na kiti kitupu kilichotandikwa kitenge. Akaja, akachukua chupa moja, akaisoma kwa muda mrefu.

"Mama Orlane aliitafuta hii," akasema. "Mwezi wa pili. Nilizunguka muji yote, nikafika mpaka Gatumba. Sikuipata."

Akageukia kile kiti kitupu cha marehemu. Orlane, bibi arusi, alijifunika uso.

"Nani anaingoja?" Mzee Melchior akaniuliza.

"Musichana mumoja, saa kumi na mbili. Na wengine watano."

Akatazama saa yake, ilikuwa inakaribia kumi na moja na nusu. "Niko na gari, na esansi kidogo ya kwenda kanisani kesho. Tugende."

"Na pombe?" akauliza Valéry, akiwa bado anapangusa ulimi. Urwarwa halisi ilikwishawekwa mahali pake, na desturi haigeuki: msemaji anaweza kuonja, lakini hanywi mtu mpaka mwenye nyumba anywe. Watu mia, koo kavu, ndugu wanne wa Zénon mstari wa mbele!

Mzee Melchior akawatazama wote, akamwona Hamimu. "We, Muislamu, ukae hapa. Uichunge."

Nikamwacha mume wangu amekaa kwenye kiti kando ya chungu, pua imezibwa kwa kanzu, amekasirika kama askari wa gereza. Hakuna aliyethubutu kusogea.

Tulifika Buyenzi kabla ya kumi na mbili. Asiya alikuwa pale pale kwenye benchi. Nilivuta dawa, nikapiga sindano kwa ukucha kutoa hewa. Mzee Melchior, suti na tai, akachuchumaa kwenye sakafu yangu ya udongo.

"Naomba nione," akasema.

Nikamchoma Asiya polepole. Mzee alitazama sindano inaingia, dawa inaisha, sindano inatoka. Akabaki amechuchumaa pale, mkono mdomoni, mabega yanatikisika. Asiya akashusha nguo, akamtazama, akamwekea mkono begani kama vile yeye ndiye muuguzi.

"Asante, Baba," akamwambia. "Sasa urudi, watu wako na kiu."