Mchezo Uliofukizwa Udi

Khairiya alipokea simu akiwa anakuna nazi nyumbani kwake Michenzani, na hata mikono hakunawa. Aliyepiga alikuwa Maalim Wakil wa Jambiani, mtu asiyemjua. Asubuhi ile walikuwa wakisoma hitima ya mwaka ya marehemu Jecha, muuza njugu. Juzuu za Qurani zilipungua, basi mtu akashusha kifurushi kilichofungwa kwa kanga kutoka juu ya kabati, akidhani ni juzuu, na kumpa Maalim. Naye akafungua katikati, tayari kusoma, akakuta mke anamkimbiza mume kwa mwiko. Maalim mzima akaangua kicheko hitimani! Mwishoni palikuwa na jina la mtunzi: Abdulwahid Mjaka.

Huyo alikuwa baba yake Khairiya. Mji Mkongwe wote ulimjua kwa michezo yake ya kuigiza, iliyowavunja watu mbavu, na yote aliiandika kwa mkono, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu kama alivyofunzwa chuo cha Qurani. Alipokufa, jamaa waliokuja kusafisha nyumba, Mungu awasamehe, waliwauzia wauza njugu makaratasi yake ya kufungia njugu. Watoto wa mjini wakatafuna njugu, wakatupa kazi ya umri mzima. Khairiya hakubakiwa hata na mstari mmoja wa mkono wa baba yake.

"Lakini wahi," Maalim alimwambia. "Mjane wa Jecha kaona haya. Anasema maji ya bahari yakitoka, akienda kwenye mwani, anakwenda kuyazamisha makaratasi hayo."

Khairiya alipofika Jambiani alimkuta mjane, Bi Kazija, uani, kamba za mwani begani, kifurushi kwapani.

"Shikamoo, Bi Kazija."

"Marahaba. Kama umekuja kunicheka, wenzio washanicheka."

"Nimekuja kukushukuru. Aliyeyaandika hayo ni baba yangu."

Bi Kazija alimtazama, asiamini. "Jecha hakujua kusoma ila kidogo. Aliyaona maandishi haya, akakataa katakata kufungia njugu. Akayaleta hapa, mie nikawa nayafukiza udi kila Alkhamisi. Kumbe nafukiza upuuzi wa mke na mume! Jecha wangu kafanywa mjinga kwenye hitima yake mwenyewe."

"Nnakuomba nione ukurasa wa kwanza tu. Kisha uamue mwenyewe."

Bi Kazija alisita, akafungua fundo. Mende walikuwa wameng'ata pembe na wino umefifia, lakini mkono ulikuwa ule ule uliomfunza Khairiya alifu na be. Machozi yalimtoka. Juu kabisa, kabla ya majina ya wahusika, baba yake alikuwa ameandika neno aliloanzia kila kitu, hata mchezo wa mwiko: Bismillahi.

Khairiya aliweka kidole hapo. "Hili ndilo aliloliona Jecha. Wenziwe wote walilifungia njugu. Yeye peke yake ndiye aliyelistahi."

Bi Kazija alikaa kitako, akapitisha kidole pale pale. Khairiya alimshika ile mikono iliyochubuliwa na kamba, akaibusu, maana ahsante tupu aliiona ndogo. Nje wanawake walipaza sauti kwamba maji yameshatoka.

"Tangulieni!" aliwajibu Bi Kazija. Kisha akauliza polepole, "Huyo mke wa mwiko, anamkamata mumewe?"

"Sijui. Mchezo huu sijapata kuusoma."

"Basi ngoja."

Aliingia ndani, akatoka na chetezo, akatia udi juu ya kaa la moto na kukiweka kati yao kama Alkhamisi zote.

"Haya, soma," alisema. "Paza sauti, na Jecha asikie."