Besi Isiyo na Mwenyewe

Nilikuwa nimefika kwenye salamu. Ni sauti ya Ackelia peke yake, kabla ngoma hazijaingia, akisema kwa majivuno yenye furaha: "Heshima kwa Mzee Egbert Lindo, mwenye besi hii! Bila yeye hakuna mimi!" Niliweka alama mwanzoni, nikaweka alama mwishoni, nikafuta. Kwenye kioo cha kompyuta pakabaki mstari mnyoofu.

"Imetoka?" Ackelia aliuliza nyuma yangu.

"Imetoka."

"Hebu nisikie."

Niliupiga wimbo toka mwanzo. Ukaanza kama mtu anayeingia nyumba ya watu bila kubisha hodi.

"Haya," alisema. "Sasa tumekuwa watu wasio na adabu."

Studio yetu ni chumba kimoja nyuma ya gereji, Barabara ya Waltham Park, hapa Kingston. Humo ndimo tulimorekodi albamu yake ya tatu. Mbili za kwanza zilijulikana kisiwa kizima, kisha zikafika baharini zikaishia hapo. Hii ya tatu ilisikiwa na kampuni moja ya New York, na wakubwa wa kampuni wakasema wataitoa huko kama albamu ya pop yenye ladha ya rege. Ackelia alifurahi sana, akafunga saluni yake ya mtaa wa Three Miles ili awe tayari kusafiri.

Kisha maombi yakaanza kuja, moja moja. Katika wimbo mkuu, ule uliokusudiwa redio za kule, waliweka kijana wao aimbe kiitikio. Waliomba beti mbili kati ya tatu ziondolewe kwa kuwa wasikilizaji wao hawataelewa maneno yetu. Waliomba ngoma zilainishwe. Ackelia alikubali yote, na mimi ndiye niliyekata na kulainisha. Sikumlaumu. Mlango ukifunguka nusu, mtu hupita kwa ubavu. Na yeye alikuwa na miaka thelathini na minane, umri ambao kwenye jukwaa la dancehall, muziki wetu wa vijana, wanakuita bibi mbele ya uso wako.

Kilichotukwamisha ni ile salamu ya wimbo huohuo. Kwetu, mwimbaji anayepanda juu ya besi, ule mdundo mzito wa chini, ya zamani bila kumtaja aliyeipiga huonekana mwizi. Akimtaja, ametimiza. Lakini mwanasheria wa kampuni alisikia jina la mtu asiyemjua, akataka kujua ni nani. Meneja wetu, Fagan, akampa namba ya simu ya Mzee Lindo kwa moyo mweupe, akidhani wanataka kumsalimu.

Mzee akapigiwa simu kutoka mbali, akaulizwa kwa heshima kama besi ile ni yake, naye akajibu kwa heshima vilevile. Alieleza kwamba nusu ya kwanza ni ya marehemu Vin Stennett, aliyekuwa akiipiga mluzi. Vin naye alisema aliitoa kwenye ngoma za akina mama wa kanisa la wavaa vilemba kule Saint Thomas. Nusu ya pili ni yake mwenyewe, ila lile pengo la kimya katikati, ambalo ndilo linalowainua watu vitini, aliambiwa na mpiga ngoma Horace aliache, aliyehamia Uingereza na siku hizi halikumbuki hata jina lake. Na tangu hapo, alisema Mzee, karibu kila mwimbaji wa mji huu amepita juu ya besi hiyo, na kila mmoja ameiongezea kitu. Alizungumza hadi maharage aliyokuwa ameyabandika yakaungua.

Jibu la kampuni lilikuwa fupi. Ama wenye besi wote watie saini, ama besi ibadilishwe. Bila wimbo huo hawaitaki albamu.

Tungewapata wapi wote? Fagan alitaka kumleta kijana yeyote apige besi mpya. Ackelia akakataa. Alisema kama ni kuharibiwa, basi iharibiwe na Mzee mwenyewe.

Mzee alifika siku hiyohiyo ya kufuta salamu, baada ya chakula cha mchana, gitaa lake la besi limefungwa shuka, mkononi ana kipande cha shelisheli la kuchoma ndani ya gazeti.

"Hodi fundi! Bado hujafa tu?"

"Bado, Mzee. Karibu."

"Na wewe binti, mbona umenuna kama paka aliyenyeshewa? Mtu anakwenda kuwa nyota!"

"Nyota ya mchana, Mzee. Ipo, lakini nani anaiona?"

Fagan aliingia, simu mbili mkononi. "Mzee wangu, shikamoo. Kazi ni ndogo. Tunataka besi nyingine. Iwe kama ile, lakini isiwe ile."

"Kama ulivyotaka kwa mke wa pili?"

"Mzee!"

"Nauliza tu. Maana na ndoa ile tunajua ilivyoishia."

Tulicheka sote, hata Fagan. Nilimpa Mzee kiti kisicholia, nikachomeka waya wake, nikaondoa besi ya zamani, nikamwachia ngoma na sauti.

Alianza vizuri. Alipiga kitu kipya, cha chini, kinachotembea polepole. Lakini kabla ubeti haujaisha, vidole vilikuwa vimerudi kulekule.

"Nimekwenda?" aliuliza, macho amefumba.

"Umerudi, Mzee."

"Nimerudi lini?"

"Ulipofika kwenye pengo."

Tukarudia. Nikamwomba aanzie juu, kwenye nyuzi nyembamba. Alianzia juu, akashuka mwenyewe taratibu, kama punda aliyezoea njia ya nyumbani. Nikamwomba apige noti tatu tu, asiongeze. Alipiga tatu, na zile tatu zikajipanga zikawa besi ileile, imepungua nyama tu.

"Mzee, kwani hujui noti nyingine?" Fagan alisema.

"Nazijua zote, mwanangu. Wimbo huu ndio usiozijua."

Nikajaribu njia ya mwisho niliyoijua. Nilizima kila kitu masikioni mwake, nikamwachia mlio wa kuhesabia tu, ili asisikie wimbo. Nikamwambia apige chochote kwa mwendo huo. Akapiga. Ilikuwa besi safi, iliyonyooka, isiyo na undugu na yoyote. Niliiweka chini ya wimbo, ikakaa barabara. Nilitafuta kosa nikalikosa.

Sisi hatutoi wimbo kabla haujasikika uani. Nje, ukutani mwa gereji, kuna spika kubwa, na karibu yake mafundi magari hucheza dhumna tangu mchana. Wimbo usiowasimamisha hao hautoki. Nilifungua mlango, nikaupiga.

Ulikwenda mwanzo hadi mwisho. Dhumna ziliendelea kugonga meza. Hakuna aliyetikisa hata goti. Ulipokwisha, Bigga, mnyoosha bodi, aliinua kichwa.

"Fundi, nzuri hiyo. Ni tangazo la benki?"

"La sabuni," mwenzake alisema. "Benki wanapenda kinanda."

"Wewe benki unaijua wapi? Cheza!"

Hawakuwa wanatukejeli. Ingekuwa kejeli, tungejua pa kushika.

Ackelia aliketi juu ya tairi bovu. Fagan akasogea, akashusha sauti, ingawa hakuna aliyekuwa akisikiliza.

"Kuna njia fupi. Mzee aseme besi ni yake. Peke yake. Saini moja, yamekwisha."

Mzee alikuwa mlangoni, anafuta nyuzi kwa ile shuka. "Nimeshakwambia, Fagan. Siwezi."

"Mzee," Ackelia alisema. Hakuinua uso. "Sema tu."

"Niseme nini, binti?"

"Kwamba ni yako. Yote."

"Na Vin?"

"Vin yuko May Pen, kaburini. Mimi niko hapa mbele yako. Nimefunga saluni, Mzee. Nimeaga. Mtaa mzima unajua naondoka. Nikibaki, watanitungia wimbo, na unajua wataupiga juu ya besi gani."

Mzee hakucheka, na Ackelia hakuwa ametania. Bigga alibamiza dhumna, akapiga kelele za ushindi. Mzee alisubiri kelele ziishe.

"Nilimzika Vin mimi," alisema. "Mama yake aliniomba nishike kona ya mbele ya jeneza. Alisema mimi ndiye ndugu yake."

Nilidhani Ackelia angeyarudisha maneno yake. Hakuyarudisha.

Mzee alimtazama, kisha akamgeukia Fagan. "Mpigie huyo mtu. Nitasema ni yangu."

Tulirudi ndani, nikafunga mlango. Fagan aliweka simu juu ya meza ya mitambo ili sote tusikie. Mwanasheria alipokea, sauti ya kijana, ya upole. Mzee aliinama karibu na simu, akasema kwamba amefikiri upya, kwamba alichanganya mambo kwa sababu ya uzee, na kwamba besi ile aliitunga yeye, peke yake, hakusaidiwa na mtu.

Mwanasheria akasema anasikitika sana. Akasema mazungumzo ya kwanza yalihifadhiwa, wenzake wote wameyasikia, na kampuni haiwezi kujifanya haijui inachokijua. Saini ya Mzee sasa haina kazi. Akasema simulizi ile ilikuwa nzuri mno, hata yeye alimsimulia mkewe. Kisha, kama mtu anayetaka kusaidia, akaongeza kwamba kama besi mpya inatusumbua, wao wana mtu wa kuiweka kwa mashine. Ila wakianza kuufungua wimbo upya, huenda ule ubeti uliobaki ukachukuliwa na kijana wao wa kiitikio, na Ackelia akawekwa mwishoni, pale wimbo unapofifia.

"Tutawatumia besi yetu kesho jioni," Fagan alisema haraka. Akakata simu, akatoka nje kuvuta sigara.

Mzee alibaki ameinama palepale mezani.

"Nimemkana Vin bure," alisema.

"Nisamehe, Mzee," Ackelia alisema.

"Hukunishika ulimi. Ni mimi niliyesema."

Nilirudisha wimbo mwanzoni, maana hicho ndicho ninachoweza kufanya.

"Mzee, tujaribu tena?"

Alichukua gitaa. Nilimfungulia ngoma na sauti, kwa sababu bila wimbo masikioni tulishaona kinachotoka. Alipiga, akarudi kulekule. Akajaribu tena, akarudi. Ndipo Ackelia alivuta kiti, akaketi mbele yake, akaweka kiganja chake juu ya shingo ya gitaa, mahali ambapo mkono wa Mzee hukimbilia kila ufikapo kwenye pengo.

"Ukifika hapa utanikuta mimi," alisema. "Pita kwingine."

Mzee alipiga. Mkono ukateleza, ukagonga vidole vya Ackelia, ukasita. Noti ikafa. Wakaanza upya. Ukagonga tena. Alijaribu kumzunguka kwa chini, kisha kwa juu, na kila mara besi ilivunjika palepale, na sauti ya Ackelia mwenyewe, ile iliyorekodiwa, ikaendelea kuimba juu ya kimya. Kiganja chake kilianza kuwa chekundu. Hakukiondoa. Mzee naye hakumwomba akiondoe.

Nilirekodi yote. Hakuna nilichoweza kukitumia.

Jua liliondoka dirishani, tukasikia akina Bigga wakikusanya dhumna na kufunga geti la gereji. Mmoja wao alipita akiimba kitu, na ilinichukua muda kutambua kwamba alikuwa akiimba ile besi ya zamani, si maneno, besi yenyewe, kwa mdomo. Sisi watatu tuliisikia hadi ikafika barabarani.

Vidole vya Mzee vilikuwa vimevimba. Aliweka gitaa chini.

"Kesho," alisema.

"Kesho, saa ngapi?" Ackelia aliuliza.

"Mapema. Huenda mkono ukawa bado umelala."

Ackelia aliitikia kwa kichwa, akanyoosha vidole vyake kimoja kimoja, akatoka kwenda kumtafuta Fagan. Mzee alimfuata mikono mitupu. Alisema gitaa lilale hapahapa, hana nguvu ya kulibeba.

Nilihifadhi kazi, nikaipa jina la besi mpya ingawa haikuwamo. Nikaangalia waya zote, nikaziacha zimechomekwa, kiti cha Mzee kikiwa palepale na cha Ackelia mbele yake, ili asubuhi tusianze kupanga upya. Nikazima mitambo.